Kikundi cha Ukoo, Machame: Majina ya Bibi Zetu

Upendo (Arusha): Shikamooni wazazi wangu. Ile kazi ya mti wa ukoo niliyopewa kwenye kikao cha Pasaka nimeianza, nami ningependa iwe tayari kabla watu hawajaanza kupanda Machame kwa ajili ya Krismasi. Upande wa akina babu nimefika kizazi cha tano bila taabu, maana Baba Mkubwa, Baba Elisante, aliwataja wote kwa mpangilio bila kusita. Ninamwomba Shangazi Mama Neema, ambaye pamoja na mumewe Baba Neema ni wamisionari wa kanisa lao na wanafundisha kazi hii huko Accra, Ghana, autazame kabla sijauchapisha. Picha ya mti nimeituma hapa kikundini.

Mama Neema (Accra): Marahaba mwanangu. Shikamoo kaka, na wifi zangu ninawasalimu. Mti umeandikwa kwa mwandiko safi, ila kuna jambo siwezi kulinyamazia. Kuanzia kwa mama yetu mzazi kwenda juu hakuna mwanamke hata mmoja mwenye jina. Mahali pa bibi pameandikwa “mke”, na penye wake wawili pameandikwa “mke mkubwa” na “mke mdogo”. Mtu akiusoma atadhani ukoo huu ulizaliwa na wanaume peke yao.

Godlisten (Moshi): Shikamoo Shangazi. Nadhani Upendo ameandika alichoambiwa. Kwetu ukoo hufuata baba, na kihamba, yaani shamba la ukoo, hurithiwa vivyo hivyo, kwa hiyo wazee walikariri majina ya wanaume. Je, huko Ghana hawafanyi hivyo?

Mama Neema (Accra): Inategemea ni watu gani. Makabila ya Waewe na Waga hufuata baba kama sisi, lakini Waakan, ambao ndio wengi katika madarasa yetu, humhesabu mtoto kuwa wa ukoo wa mama yake, na kwa desturi yao mali ya mtu huenda kwa mtoto wa dada yake kabla ya kwenda kwa mwanawe mwenyewe. Mzee wa Kiakan ukimwomba akutajie nasaba yake huanza na mama, kisha mama wa mama, kisha mama wa huyo bibi, na akina baba huwataja baadaye, wengine kwa kukisia. Mara ya kwanza nilipomsikia mzee mmoja akifanya hivyo nilimtazama Baba Neema naye akanitazama, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba tungeulizwa sisi tusingefika popote kwa njia hiyo. Hawa watu wanakosa baba zao kwenye mti, sisi tunakosa mama zetu, na kila upande unaona pengo la mwenzake haraka kuliko la kwake.

Upendo (Arusha): Shangazi, wasiokuwa na cheti chochote mnawafundishaje?

Mama Neema (Accra): Tunaanza na walio hai. Mtu huja na simu yake, tunamwagiza akamrekodi mkubwa kuliko wote nyumbani kwao, kwa sauti, katika lugha ya mzee mwenyewe, kisha aandike ni nani alisema, wapi na siku gani. Pia hapa wana hazina ambayo sisi hatuna: katika mazishi hugawa kijitabu chenye wasifu wa marehemu, picha, na orodha ndefu ya watoto, ndugu, wajukuu na wakuu wa ukoo. Kina mama wanavitunza makabatini miaka mingi. Anayeleta vijitabu vitatu vya mazishi huwa ameleta mti nusu.

Halafu kuna majina ya Kiakan yanayofuata siku ya kuzaliwa. Mvulana wa Jumamosi ni Kwame, wa Ijumaa ni Kofi. Msichana wa Alhamisi ni Yaa. Nawapa wanafunzi mfano wa Kwame Nkrumah. Tarehe yake rasmi ya kuzaliwa ni 21 Septemba 1909, lakini siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Kwame hazaliwi Jumanne. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa tarehe 18. Nawaambia kwamba karatasi ni shahidi mmoja tu, na jina lililotolewa na mama ni shahidi mwingine anayestahili kusikilizwa.

Godlisten (Moshi): Samahani kwa swali la pembeni, Shangazi. Ni kanisa linalowalipa ninyi mkiwa huko?

Mama Neema (Accra): Hapana. Wamisionari wa umri wetu hujigharimia. Tumepangisha nyumba ya Moshi, kuna pensheni ya Baba Neema, na Neema na wenzake wanaongezea. Tulichagua wenyewe muda wa kutumika, na hatupiti mlango kwa mlango kama vijana.

Baba Elisante (Machame): Marahaba wote. Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, sasa naomba nami niseme. Dada yangu, uamuzi wako wa kuingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho niliupokea, ingawa mimi ni mzee wa kanisa la Kilutheri na babu yetu alibatizwa na wamisionari wa Leipzig, ambao walifika hapa Machame mwaka 1893. Lakini ninajua, na wewe unajua, kwamba kanisa lenu halikusanyi majina kwa kupenda historia tu. Mnabatiza watu kwa niaba ya waliofariki. Ninataka kusikia kutoka kwako, mbele ya kikundi hiki, kama majina ya wazazi wetu wanaolala kihambani yatapelekwa hekaluni kwenu. Wao walishabatizwa.

Mama Neema (Accra): Kaka, swali hilo ni la haki na sitalikwepa. Ni kweli kwamba ndiyo sababu kubwa ya kanisa letu kuianza kazi hii, tangu chama cha nasaba kilipoundwa Utah, Marekani, mwaka 1894. Tunasoma 1 Wakorintho 15:29, inayotaja wabatizwao kwa ajili ya wafu, na tunaamini kwamba ibada ile ni mwaliko, na kwamba aliyefariki ana hiari ya kuukubali au kuukataa. Najua ninyi mnaisoma aya hiyo kwa namna nyingine. Utaratibu wetu unamtaka mtu apeleke majina ya jamaa zake mwenyewe tu, na kama marehemu alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, ni lazima apate kwanza ruhusa ya ndugu wa karibu: mume au mke, mtoto, mzazi, kaka au dada.

Godlisten (Moshi): Hapo ndipo penye shida, Shangazi. Babu mzaa babu yetu alizaliwa zamani kuliko miaka 110. Kwake yeye ruhusa haihitajiki.

Mama Neema (Accra): Umehesabu sawasawa. Kwa wa zamani kanuni hainilazimishi kumwomba mtu yeyote, kwa hiyo hapa ninatoa ahadi yangu mwenyewe: sitapeleka jina la mtu wa ukoo huu bila kikao cha ukoo kukubali, na kikao kikikataa nitaheshimu. Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Mti wa FamilySearch, tovuti ya nasaba ya kanisa letu, ni wa bure na ni mmoja kwa dunia nzima. Walio hai hufichwa, ila waliofariki huonekana na yeyote aliyejiandikisha, naye anaweza kubadilisha taarifa zao. Jamaa mwingine wa mbali anaweza siku moja kumkuta babu humo na akafanya asichokitaka kaka yangu, nami sitakuwa na uwezo wa kumzuia. Kwa sababu hiyo ninashauri Upendo aandike kwanza kwenye daftari, na mambo ya mtandaoni yasubiri.

Baba Elisante (Machame): Hilo nimelipokea. Daftari kwanza. Mtandaoni hakuna jina la marehemu wetu litakaloingia kabla ya kikao cha Desemba, na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Mama Anaeli (Kibosho): Mimi ni wa kuolewa, nilikuwa nawasikiliza wenye ukoo wao. Ila wifi amenigusa, kwa sababu nami kwenye mti huo nimeandikwa “mke”.

Upendo (Arusha): Mama Mdogo, samahani sana, nitaandika jina lako pamoja na ukoo wa kwenu.

Mama Anaeli (Kibosho): Andika na wa wenzangu wote walioolewa hapo. Kuna jambo linaweza kuwasaidia. Kwetu Kibosho misheni ya Kikatoliki ipo tangu 1893, na kwenye daftari la ubatizo la Wakatoliki mtoto wa kike huandikwa na jina la baba na la mama. Baadaye akipata kipaimara au akifunga ndoa, taarifa huongezwa pembeni mwa jina lake lile la ubatizo. Mwanamke aliyeolewa mbali mnaweza kumpata kwa kuanzia kwao, hata kama huko alikoolewa aliitwa mama fulani tu. Maandishi ya zamani ni ya Kilatini, lakini majina yanasomeka.

Mama Neema (Accra): Wifi, umesema jambo kubwa. Watu hudhani kila kitu kimo kwenye kompyuta kwa sababu wamesikia kwamba zile filamu za kumbukumbu za kanisa letu zinazotunzwa ndani ya mlima huko Utah, zaidi ya milioni 2, zilimalizika kuwekwa katika mfumo wa kidijitali mwaka 2021. Lakini daftari la parokia ya Kibosho hulitafuti Utah. Unakwenda ofisini kwa paroko, kwa adabu, na unaomba ufunguliwe.

Kaka, mama yake baba alitoka wapi? Mimi nilikuwa mdogo mno.

Baba Elisante (Machame): Alitoka Kibosho. Wakubwa walimwita “mama wa Kibosho”, nasi tulimwita bibi. Jina lake la nyumbani sikuwahi kulisikia likitajwa, na sikuwahi kumuuliza baba, kwa sababu mtoto hakuwa na mamlaka ya kuuliza hayo. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa akisimulia jinsi alivyokimbilia mgombani na mtoto wake wa kwanza mgongoni Waingereza walipoingia Moshi.

Mama Neema (Accra): Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Basi mtoto wa kwanza alizaliwa 1914 au 1915 hivi, na kama bibi aliolewa akiwa na miaka kati ya 16 na 20, alizaliwa karibu na miaka ya mwisho ya 1890. Upendo, andika “karibu na”, usiandike mwaka mmoja kamili, na pembeni andika kwamba msimulizi ni Baba Mkubwa. Kaka, alikuwa akisema lolote kuhusu Mangi Meli, yule mtawala wa Moshi? Alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na wazee wengi walitumia tukio hilo kuhesabu umri.

Baba Elisante (Machame): Alisema alisimuliwa na mama yake.

Mama Neema (Accra): Basi alikuwa mtoto mdogo au alikuwa bado hajazaliwa. Panua kidogo, Upendo: 1895 hadi 1900.

Godlisten (Moshi): Shangazi, huko Ghana wanapokwenda kumwuliza mzee nasaba, wanakwenda mikono mitupu?

Mama Neema (Accra): Hapana. Desturi ya hapa ni chupa ya schnapps, pombe kali. Sisi pombe hatutumii, kwa hiyo tunapeleka soda na kueleza sababu kwa heshima, na kufikia sasa hakuna mzee aliyetufukuza.

Baba Elisante (Machame): Hapa Machame si Accra, na mimi si wa kanisa lenu. Atakayekuja kunirekodi aje na mbege, pombe yetu ya ndizi. Upendo, njoo Jumamosi ijayo asubuhi, maana mchana nina kikao cha wazee wa kanisa. Njoo na daftari kubwa, si simu peke yake. Shemeji Mama Anaeli, naomba utuulizie kwa paroko siku anayopokea watu. Tutatafuta msichana aliyezaliwa kati ya miaka hiyo aliyeolewa Machame, na mimi mwenyewe nitakuja.

Mama Anaeli (Kibosho): Nitauliza kesho baada ya misa ya kwanza. Ila shemeji, kama ndoa yake ilifungwa kwenu kwa Walutheri, pembeni mwa jina lake panaweza kuwa patupu. Jaribu kukumbuka kijiji alichotoka, au hata jina la kaka yake mmoja aliyekuwa akija kumtembelea.

Baba Elisante (Machame): Alikuwapo kaka mmoja mrefu, mfua chuma. Nitamwuliza mzee wa jirani, yeye ana kumbukumbu kunishinda.