Niwaambie nini wanaoniuliza kuhusu mahindi ya GMO?

Mwalimu wa Lugha:
Wanajukwaa, hamjambo. Mimi hufundisha Kiswahili, na biolojia niliiaga kidato cha nne. Tangu serikali ya Kenya ilipotangaza kuondoa marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, mwezi Oktoba 2022, akina mama wa chama chetu huniuliza kama mahindi hayo ni salama, kwa kuwa mwalimu hudhaniwa kujua kila kitu. Nikisoma upande huu ninashawishika, na nikisoma wa pili ninashawishika vilevile. Je, asiye mtaalamu ana haki ya kuwa na msimamo?

Msomaji wa Magazeti:
Haki unayo, Mwalimu, ila umetia maswali mawili katika gunia moja. Kama mahindi hayo yanamdhuru mlaji ni swali la maabara. Kama mkulima atalazimika kununua mbegu kila msimu ni la sheria na biashara, na hilo raia yeyote anaweza kulifuatilia. Katika la kwanza, mimi hutazama yaliyolipata dai baada ya kutangazwa. Marufuku ya Novemba 2012 ilitanguliwa na utafiti wa mwanasayansi Mfaransa Séralini, uliokuwa na picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO, wenye uvimbe wa kutisha (nami nilizisambaza, nakiri). Mwaka 2013 jarida lililouchapisha liliuondoa, kwa sababu panya walikuwa wachache katika kila kundi, tena wa aina ambayo hupata uvimbe kwa urahisi hata bila kulishwa mahindi hayo.

Mkulima wa Trans Nzoia:
Sina shahada, lakini mahindi hayo husemwa kwamba yamebadilishwa ili yastahimili viwavi wa mabua, na mabua nimeyapasua. Msimu uliopita nilikuta kiwavi ndani, njia yake imejaa unga kama wa msumeno, na hindi limeota ukungu palipotobolewa. Anayesema wadudu hao si tatizo kubwa simsikilizi. Hata hivyo, shamba langu haliwezi kunieleza yatakayompata mlaji baada ya miaka ishirini, na hapo hunyamaza.

Binti wa Pwani:
Tuwe waangalifu, kwani jarida lilisema matokeo hayakutosha kuthibitisha dai, si kwamba yalighushiwa, na mwaka 2014 utafiti huo ulichapishwa tena kwingine. Kuanguka kwa utafiti mmoja hakuthibitishi usalama. Kinachonipa uzito ni Shirika la Afya Duniani, linaloeleza kwamba vyakula vya GMO vilivyomo katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama, na kwamba kila kimoja hupimwa peke yake.

Mwalimu wa Lugha:
Asanteni. Jumapili nitawaambia kwamba kuhusu kula ninawategemea wapimaji, na nitawataja. La bei ya mbegu nitakwenda kuliuliza mwenyewe kwenye duka la agroveti.