Mjadala: Fedha za roboti zinunue nini katika shule za Mtwara na Lindi?

Mwanzisha hoja, mwalimu wa fizikia, Mtwara Mikindani

Ndugu walimu na wazazi wa mikoa yetu miwili, naomba tujadili swali linaloibuka katika vikao vya bodi za shule kila mfadhili anapoahidi kusaidia masomo ya sayansi, au halmashauri inapofikiria kutenga sehemu ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya teknolojia. Je, fedha hizo zinunue seti chache za roboti zilizokamilika kutoka kiwandani, au zinunue bodi za kielektroniki za bei nafuu, vihisi, mota na nyaya ambazo wanafunzi wa darasa la tano hadi kidato cha pili wataziunganisha wenyewe? Mimi nasimama upande wa bodi na vihisi.

Seti iliyofungwa huhudumiwa kwa muda ule tu ambao mtengenezaji ameuridhia. Kampuni ya LEGO ilianza kuuza seti za roboti ziitwazo Mindstorms mwaka 1998, zikaenea katika shule na mashindano ya nchi nyingi, na mwishoni mwa mwaka 2022 uuzaji wake ukakoma. Zilikuwa seti nzuri na sizibezi, lakini shule ya Tandahimba au Liwale ikipoteza kipande kimoja cha seti ya namna hiyo itahangaika sana kukipata. Bodi ya kielektroniki ya Arduino, iliyoanzia mjini Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ina utaratibu mwingine: michoro yake iko wazi, kiwanda chochote kinaruhusiwa kutengeneza bodi inayofanana nayo, na programu ya kuandikia maelekezo yake hutolewa bure.

Sababu iliyo nzito zaidi kwangu ni somo lenyewe. Roboti inayofuata mstari mweusi juu ya karatasi huwafurahisha wageni siku ya mahafali, ila wanafunzi wakishaiona mara mbili hawana cha kuuliza tena. Chukueni badala yake kihisi cha kupima umbali kwa mwangwi. Hutoa mlio wa kilohezi 40 ambao sikio la mwanadamu haliusikii, hungoja mwangwi urudi, na muda huo ukizidishwa kwa kasi ya sauti kisha ukagawanywa kwa mbili, umbali unapatikana. Kitu kilicho mita 1 mbele yake hurudisha mwangwi baada ya takriban milisekunde 6. Mwanafunzi akikifunga juu ya maji pale Mikindani na kuandika kipimo kila nusu saa, atachora grafu ya maji kujaa na kupwa, na akirudia baada ya wiki moja ataiona kwa namba ile tofauti ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) ambayo wavuvi wa nyumbani kwao huisoma kwa umri wa mwezi. Akilinganisha na fimbo yenye alama, atagundua kuwa vipimo vya adhuhuri haviwiani vizuri na vya alfajiri, na hapo atalazimika kujifunza kwamba kasi ya sauti huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kila joto la hewa linapopanda nyuzi 1. Hiyo ni fizikia iliyomtafuta mwanafunzi mahali alipo.

Wa Newala na Masasi wana mikorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, hustawi pale hewa inapokuwa na unyevu na usiku ukiwa na ubaridi, na kihisi cha joto na unyevu kinachoachwa shambani wakati wa maua kitawapa wanafunzi takwimu zao wenyewe, ambazo wanaweza kwenda nazo kwa watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele na kuuliza maswali ya maana.

Mwalimu wa hisabati, Nachingwea

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa makini, na mfano wa bamvua umenigusa. Hata hivyo umeandika kama mtu mwenye wanafunzi wachache na mchana mzima mkononi. Kipindi chetu ni dakika 40. Darasa limejaa, waya mmoja ukichomekwa tundu la pembeni kifaa hakiwaki, na mwalimu ambaye hakupata mafunzo yoyote ya elektroniki atazunguka meza kwa meza akitafuta kosa hadi kengele ilie. Wanafunzi wataondoka wakiamini kwamba teknolojia ni kitu kinachogoma. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, ambayo ndiyo inayonunua chaki na karatasi za mitihani, haiwezi kubeba vihisi vinavyoungua kila wiki.

Naomba pia tusidharau kifaa kilichofungwa kwa sababu tu kimefungwa. Seymour Papert na wenzake walipoanzisha Logo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta kwa watoto, mwaka 1967, na baadaye roboti yake iitwayo kobe, iliyotembea sakafuni na kuchora, hawakumtaka mtoto aanze kwa kujua nyaya za kobe. Walitaka afikiri. Mtoto anayemwelekeza kobe kuchora pembetatu, kisha mraba, kisha pembe sita, hufika mwenyewe kwenye ukweli kwamba mwisho wa safari kobe amegeuka nyuzi 360, kwa hiyo, pande na kona zikiwa sawa, kila anapogeuka ni nyuzi 360 kugawanya kwa idadi ya pande. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hukariri kanuni hiyo na kuisahau kabla ya mtihani. Kifaa kinachonifikisha hapo ndani ya dakika 40 nakikubali, hata kama siwezi kukifungua kwa bisibisi.

Pendekezo langu ni micro:bit, ambayo mwaka 2016 ilianza kugawiwa bure kwa takriban wanafunzi milioni moja wa Uingereza wenye umri wa miaka 11 na 12. Ni bodi moja isiyohitaji kuungwa nyaya ili ianze kazi: ina taa 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo na dira, na toleo la mwaka 2020 likaongezewa spika na maikrofoni. Inatumia betri mbili ndogo. Inaweza pia kupokea programu kwa Bluetooth kutoka kifaa cha Android, na walimu wengi tuna vile vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022. Jambo hilo ni kubwa kwa shule isiyo na chumba cha kompyuta.

Fundi wa redio na simu, Masasi

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, lakini vifaa vyenu vikifa vinaletwa kwangu au kwa mwenzangu. Nina angalizo la kitaalamu. Kihisi cha mwangwi cha bei nafuu hufanya kazi kwa volti 5, wakati pini za micro:bit ni za volti 3 na kidogo. Mkikiunga moja kwa moja mnaweza kuiua bodi. Arduino Uno yenyewe ni ya volti 5 na haina tatizo hilo. Dawa yake ni rezista mbili za kugawa umeme, nazo ni za bei ya chini kabisa. Kihisi hicho hakipendi maji, na kikomo chake ni karibu mita 4, kwa hiyo Mikindani mtakifungia kwenye kasha na kukipima kwanza. Huku pwani chumvi ya hewani hula miguu ya vifaa kwa kasi, basi vitunzwe katika makopo yenye mifuniko inayobana, na betri zitolewe kila baada ya kazi.

Mzazi, Kilwa Kivinje

Walimu wangu, nawashukuru. Ninaloomba lisisahaulike ni nani atakayevishika vifaa hivyo. Kifaa cha gharama kubwa hufungiwa kabatini kwa hofu ya kuharibika, na kikitoka hushikwa na wavulana wawili walio mbele huku binti yangu akiandika wanachosema. Kwa sababu hiyo peke yake mimi napendelea vya bei ndogo na vingi. Kwa wale wa shule za msingi, ambao bado wanasoma kwa Kiswahili, waanze na Scratch, programu ya kujifunzia kuelekeza kompyuta, kwa kuwa ina Kiswahili na hutumika bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. Tena nunueni akiba mapema. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara yetu kule Somanga mwezi Mei mwaka 2024, hata bidhaa za kawaida zilichelewa.

Mwanzisha hoja

Mama wa Kivinje ameweka kigezo ambacho nilipaswa kukitanguliza: idadi ya mikono inayogusa kifaa. Kwa kigezo hicho seti za kifahari zinaanguka bila hoja nyingine, na micro:bit ya mwalimu wa Nachingwea inasimama. Naikubali iwe ya kuanzia, darasa la tano hadi kidato cha kwanza, wanafunzi watatu kwa bodi moja, wasizidi. Lakini kidato cha pili wapewe Arduino na nyaya zake, kwa sababu zile rezista mbili alizozitaja fundi ndizo somo la umeme ambalo sasa tunalichora ubaoni tu, na shule zenye mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi) zitahitaji vijana waliokwisha kushika waya. Kuhusu dakika 40, tuombe vipindi viwili vifuatane mara moja kwa wiki, jambo ambalo mtaaluma wa shule analiweza bila kibali cha mtu.

Fedha za kupeleka timu kwenye mashindano ya roboti nashauri zisitoke kabisa kwenye fungu hili.

Mwalimu wa hisabati, Nachingwea

Hapo kwenye mashindano sikubaliani nawe, maana nimeona namna vijana wanavyojituma wakiwa na tarehe mbele yao, lakini tuliache lijadiliwe peke yake. Kwa mpango uliobaki nina sharti moja: theluthi ya fedha, kabla ya kuagizwa bodi hata moja, iende kwenye mafunzo ya walimu wawili kwa kila shule na akiba ya vihisi, betri na rezista, na mafunzo hayo yafanyike likizo ya Juni, fundi wa Masasi akiwa miongoni mwa wakufunzi na akilipwa kama wao.