Tupeane uzoefu: Mheshimiwa diwani akikiuka maadili, huko kwenu mlifanyaje?

KaraniWaVikao

Wakuu, habari za majukumu. Mimi kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri, na madiwani wa mihula tofauti wamepita mbele ya kalamu yangu. Kila baraza jipya likiapishwa tunafanya semina elekezi: waheshimiwa wanasomewa maadili, wanasaini, wanapiga picha ya pamoja, wanakunywa chai. Makabrasha yanaishia kwenye buti la gari. Nataka tuongelee kinachofuata baada ya chai. Diwani anampigia simu mhandisi ili kazi ya shemeji yake ipite. Anamfokea mtendaji mbele ya wananchi. Anakaa kimya kwenye kamati wakati kiwanja kinachojadiliwa ni chake.

Sheria hazijapungua. Hapa Tanzania diwani ni kiongozi wa umma kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, kwa hiyo anawasilisha tamko la mali na madeni ndani ya siku 30 tangu ashike nafasi, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena akiondoka. Sheria za Serikali za Mitaa za 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zinamtaka mjumbe mwenye maslahi kwenye mkataba unaojadiliwa aseme hivyo na asipige kura. Bado kuna kanuni za maadili ya madiwani na kamati ya maadili humohumo ndani ya halmashauri.

Naomba uzoefu, vifungu tunavyo. Usitaje mtu wala halmashauri.

Mtendaji_Kata

Nianze mimi. Kwa wasiojua, mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani na katibu ni mtendaji. Yaani anayeongoza kikao ndiye huyohuyo ninayetakiwa kumwandika.

Tulipata fedha za kumalizia boma la zahanati kwa force akaunti, yaani tunajenga wenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi. Zikaundwa kamati za wananchi: manunuzi, mapokezi, ujenzi. Mheshimiwa akaja na fundi wake. Haya, fundi mwenyewe alikuwa anaijua kazi. Baadaye mchanga nao ukaanza kuletwa na lori lake. Hakuna aliyethubutu kusema kitu, kwanza bei ilikuwa ileile ya sokoni, pili ndiye aliyehangaika mpaka fedha zikaja. Ila mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mama mmoja muuza nafaka, alikuwa na daftari. Kila tripu anaandika namba ya gari, ujazo na saa. Siku lori lilipokuja nusu, akakataa kusaini.

Diwani akaja juu: "Mnanidhalilisha kwa wapiga kura wangu." Yule mama akamjibu kwa upole kabisa: "Mheshimiwa, ukija kama diwani nitakupigia makofi. Ukija kama muuzaji nitakupimia."

Kikao kilichofuata niliingiza kipengele kidogo mwanzoni, baada ya kuthibitisha muhtasari: wajumbe wenye maslahi kwenye ajenda za leo. Mheshimiwa akacheka, akasema andika lori ni langu. Nikaandika. Tangu hapo ikifika ajenda ya mchanga anatoka nje "kupokea simu". Sijui ni maadili au ni hasira, lakini uamuzi unafanyika bila yeye kuwepo, na mimi sihitaji zaidi ya hapo.

Mama_VitiMaalumu

Hongera kwa huyo mama wa daftari.

Mimi ni diwani wa viti maalumu, yaani sikuchaguliwa na kata. Langu si la mali, ni la ulimi. Kwenye baraza letu, nikisimama kuchangia, mjumbe mmoja alikuwa ananikatiza: "Huyu hana kata, anamwakilisha nani?" Watu wanacheka, mwenyekiti naye anatabasamu. Nililalamika kwa mdomo, nikaambiwa "dada, siasa ndivyo zilivyo, kaza moyo". Nikakaza mpaka nikachoka.

Mwishowe nikaandika barua kwa mkurugenzi kama katibu wa baraza. Niliweka tarehe ya kikao, nikaambatisha ukurasa wa muhtasari, maana karani wetu alikuwa ameyaandika maneno yale kama yalivyotamkwa (Mungu ambariki). Hapo ndipo kamati ya maadili ilipokaa. Sasa kamati yenyewe ni madiwani wenzetu, chama kimoja, tunakula meza moja. Kabla ya shauri kusikilizwa nikaitwa pembeni tuyamalize kifamilia. Nikasema sikatai kupatanishwa, ila upatanisho wenyewe uandikwe. Walizunguka sana, wakakubali. Aliomba radhi mbele ya baraza zima na ikaingia kwenye kumbukumbu.

Hakusimamishwa, hakukatwa posho. Kuna waliosema nimeshinda bure. Lakini hajarudia, na wale vijana waliokuwa wameanza kumuiga wakaacha.

Niongeze kwa dada zangu: ukiombwa rushwa ya ngono, iwe na diwani au mtumishi, usianzie kamati ya maadili. Hiyo ni jinai, ipo kifungu cha 25 cha Sheria Na. 11 ya 2007 ya rushwa. Piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Hilo la kifamilia halihusiki kabisa.

KaraniWaVikao

Mama umenigusa hapo kwenye muhtasari. Mnajua ni mara ngapi naambiwa "karani, hilo usiliandike"? Jibu langu nimelikariri: mheshimiwa, toa hoja lifutwe, baraza likiridhia nitaandika kwamba limefutwa. Wengi wanaona heri likae tu.

Diwani_wa_Kijijini

Wakuu mnatuchapa bila kutuuliza tunaishije. Mimi ni diwani. Asubuhi kabla sijanawa uso kuna watu mlangoni: mmoja ana msiba, mwingine mtoto karudishwa shule, vijana wa mpira wanataka jezi. Kwenye harusi nikitoa sawa na watu wengine naitwa mchoyo. Posho ya mwezi haifiki popote. Halafu huyohuyo aliyeniomba mabati ndiye wa kwanza kusema diwani anakula tenda. Sitetei wizi, ila semina za maadili hazijawahi kugusa hili, na ndipo wengi wetu tunapoanzia kuteleza. Mkandarasi anakuja, "mheshimiwa, chukua hii ya misiba". Hasemi kitu kingine. Mwaka unaofuata anakumbusha.

Dawa yangu ilikuwa ni kukataa kuchanga mfukoni kimyakimya. Nikichangia nachangia kupitia ofisi ya kijiji, inaandikwa. Niliposhindwa nilisema nimeshindwa. Nilipoteza kura, sikatai.

Nina la pili. Maadili nayo hutumika kama fimbo. Niliwahi kuuliza kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kuhusu makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, ambayo hayakuonekana benki. Muda si mrefu nikapata barua niripoti kamati ya maadili kwa "kutumia lugha isiyo na staha dhidi ya watumishi". Lugha gani? Hakuna aliyeweza kuitaja. Kilichoniokoa ni kwamba swali lilikuwa la maandishi, nililiwasilisha kabla ya kikao na nakala ilikuwa na muhuri wa kupokelewa. Kamati ikasoma, ikatazamana, shauri likafa. Lile suala la fedha likaibuka tena kwenye ukaguzi, wakaanza kunisalimia vizuri.

Mwananchi_Mdadisi

Mimi si diwani wala mtumishi. Naingia tu barazani kusikiliza, mikutano ya baraza ni ya wazi na watu hawaitumii. Kamati ndizo zinafungwa. Nilichokiona: siku viti vya wananchi vina watu, waheshimiwa wanasoma makabrasha. Siku vikiwa vitupu wanapitisha kurasa nyingi kwa "naafiki".

Swali kwa wenye uzoefu: tamko la mali la diwani wangu naweza kuliona?

Mwanasheria_Wilayani

Mdadisi, rejista ya matamko si kitabu cha wageni, ina masharti yake na inahusishwa na malalamiko. Njia nyepesi kwako ni kulalamika kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mwananchi yeyote anaruhusiwa. Sekretarieti ikichunguza na kuona lina uzito, linaweza kufika Baraza la Maadili, ambalo mwenyekiti wake ni jaji au mtu aliyewahi kuwa jaji. Msichanganye na kamati ya maadili ya halmashauri. Ya halmashauri ni madiwani wanaoangaliana wenyewe kwa wenyewe. Sekretarieti ni chombo cha kikatiba, Ibara ya 132.

Uzoefu wangu wa kuyapokea malalamiko haya: mengi yanafia kwenye karatasi ya kwanza. "Diwani wetu ni fisadi, mchukulieni hatua." Fisadi wa nini, lini, mradi gani? Nikirudisha kuuliza simpati mtu. Lalamiko moja lililowahi kusimama vizuri liliandikwa kwa mkono na mzee mmoja kwenye karatasi ya daftari, sentensi chache: tarehe, jina la mradi, nani alikuwepo, na nakala ya muhtasari wa mkutano wa kijiji. Ushauri wa siku zote, ila hausikiki.

La pili sitalieleza sana kwa sababu mnalijua. Madiwani wa chama kimoja wanakutana siku moja kabla ya baraza, na mambo mengi yanaamuliwa huko. Shauri la maadili likishapita kule, kesho yake barazani ni kusoma tu. Huko hakuna karani.

MwalimuMstaafu

Wanangu, nimewasoma wote. Mnaongea kana kwamba mambo haya yameanza juzi. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilikuwa na masharti ya uongozi na diwani alikuwa ndani: asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Na likaenda mbali, likasema kiongozi ni pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili mtu asifiche nyumba nyuma ya kanga. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, masharti yakalegezwa. Sheria ya 1995 ikaja na mtazamo mwingine: miliki, ila tamka. Mimi sisemi turudi kule, nyumba ya kupangisha si dhambi. Nasema zamani kosa lilikuwa kumiliki, leo kosa ni kuficha, na kuficha kunahitaji mtu wa kukutafuta. Hapo ndipo kazi ilipoongezeka.

Diwani_wa_Kijijini

Shikamoo mwalimu. Zamani hiyo hawakuwepo wa kuomba jezi?

MwalimuMstaafu

Marahaba. Walikuwepo. Tulicheza kifua wazi.

Jirani_Kaunti

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu diwani anaitwa MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, na Katiba ya 2010 inamhesabu kuwa afisa wa serikali, kwa hivyo Sura ya Sita, ya uongozi na uadilifu, inamshika kama inavyomshika gavana. Kuna pia Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012. Zawadi akipewa kwenye shughuli ya umma ni ya Jamhuri, si yake. Kwenye karatasi ni tamu.

Wodini kwetu shida ilikuwa basari, pesa za kusaidia karo za wanafunzi. Majina yalikuwa yanapangwa nyumbani kwa mheshimiwa. Wazazi tukaomba orodha ibandikwe shuleni na kwa chifu: jina la mwanafunzi, shule, kiasi. Mwanzoni alikataa akisema ni siri ya familia maskini. Tukasema basi weka namba ya usajili bila jina. Alipokubali, ikaonekana namba zingine hazipo kwenye shule yoyote. Hakuna aliyeshtakiwa bado. Lakini orodha iliyofuata ilikuwa ndefu zaidi kwa pesa zilezile.

Mtendaji_Kata

Jirani, nimeichukua hiyo. Kwetu ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ina ugonjwa huohuo. Kikundi kinaanzishwa leo, mwenyekiti ni binamu wa mtu. Nitajaribu kubandika majina ya vikundi kwenye ubao wa kata kabla havijapelekwa wilayani, watu waseme wenyewe hiki tunakijua na hiki hatukijui.

DiwaniMpya

Samahani wakuu, nimekuwa nasoma tu. Nimechaguliwa kwa mara ya kwanza. Nina duka la vifaa vya ujenzi na halmashauri ilikuwa mteja wangu kabla sijagombea. Nimepangiwa kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Nifunge duka?

KaraniWaVikao

Usifunge, mheshimiwa. Mwandikie mkurugenzi barua kabla ya kikao cha kwanza: nina duka, linaitwa hivi, nimewahi kuiuzia halmashauri bidhaa hizi. Omba ubadilishiwe kamati, nafasi kwenye Huduma za Jamii hazikosekani. Kwenye baraza zima likija jambo la vifaa, simama useme, kisha utoke, na uhakikishe karani kaandika kwamba umetoka. Na kwenye tamko lako duka liwemo.

Mwanasheria_Wilayani

Na zabuni usiombe ukiwa diwani, hata kama unaona bei yako ndiyo ya chini. Utashinda zabuni, utapoteza muhula.

DiwaniMpya

Nimeelewa. Ila kwenye leseni duka lina jina la mke wangu, kwa hiyo nadhani mimi kisheria simo?

KaraniWaVikao

Mheshimiwa, tamko linahusu mali zako, za mwenzi wako na za watoto wako walio chini ya miaka 18 wasiooa wala kuolewa. Anza na hilo duka, liwe la kwanza kwenye orodha.

MwalimuMstaafu

Nilitaja kanga hapo juu.