Mafundi wa kompyuta hapa Lamu, chumvi ya bahari mnaisingizia bure!

Wakuu, leo sikuja kwa upole. Huu ni uzi wa malalamiko, na atakayejiona amesemwa basi amesemwa. Jina la duka silitaji, wala msinifuate faraghani kuniuliza.

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni huko Mkomani. Kompyuta yake ndiyo ofisi nzima: nafasi za wageni, risiti, barua pepe, nakala za pasipoti. Ikaanza kuwa nzito. Unaiwasha, unaenda kuinjika chai, unarudi, bado kiduara kinazunguka. Na Maulidi yako karibu, watu wanaulizia vyumba. Akaipeleka dukani.

Fundi akaigeuza huku na huku, akaipuliza, akamwambia: "Mama, hii imeliwa na chumvi. Hewa ya bahari imeingia kwenye bodi. Nitaifanyia sevisi kubwa, niiwekee Windows mpya na programu ya kuisafisha kila siku." Bei, shilingi 4,500. Shangazi akalipa, maana atajuaje?

Sasa sikilizeni. Chumvi ipo, sikatai, mimi ni mzaliwa wa hapa. Inakula misumari, inakula mabati, inakula bawaba za milango. Kwenye kompyuta inaweza kula viungio, na feni ikishika kutu mashine itapata moto na kujipunguza kasi yenyewe. Lakini hapo ukiishika utasikia inaunguza, na feni utaisikia inakwaruza au imenyamaza kabisa. Ya shangazi ilikuwa baridi, feni inazunguka vizuri. Hapa kisiwani chumvi inabebeshwa kila lawama. Simu ikifa ni chumvi, televisheni ikififia ni chumvi. Nangoja siku nitakayoambiwa bando langu limeliwa na chumvi.

Mashine ikarudi nyumbani, nzito kuliko ilivyokwenda. Ndipo akaniita.

Sikuwa na bisibisi wala flashi. Nilibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, ikafunguka Task Manager. Programu hii imo ndani ya Windows tangu miaka ya tisini, hailipiwi, haipakuliwi. Nikaenda pale kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapowaka. Sehemu hiyo iliwekwa humo tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Wallahi nilicheka kwa hasira. Kulikuwa na "kisafishaji" kimoja, halafu kisafishaji cha pili. Kulikuwa na programu ya kutafuta madereva (vile viprogramu vinavyoiwezesha Windows kuongea na vifaa kama printa), na antivairasi ya majaribio inayodai kulipwa. Na chini kabisa, programu ya kuongoza kompyuta ukiwa mbali. Ya KUONGOZA UKIWA MBALI! Yaani fundi ameondoka na ufunguo wa nyumba mfukoni. Mashine yenye pasipoti za wageni wa watu!

Pembeni mwa kila moja ya programu hizo, Windows yenyewe imeandika kama inachelewesha kuwaka kwa kiasi kidogo au kikubwa. Unabofya jina, unabofya Disable, basi. Haifuti kitu, inaizuia tu isijiwashe bila kuitwa. Ukijuta unairudisha. Hiyo ndiyo sevisi kubwa, wakuu, na inaisha kabla dau halijafika ng'ambo.

Nikasema ngoja nitafute ushahidi, maana najua watakana. Kwenye sehemu ya kutafutia nikaandika perfmon /rel. Inafunguka Reliability Monitor, ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Ni kalenda ya maisha ya kompyuta yako: siku gani programu ilianguka, siku gani Windows ilikwama, siku gani kitu gani kiliwekwa au kiliondolewa. Nikabofya siku ile mashine ilipokuwa dukani. Imeandikwa yote, kisafishaji cha kwanza, cha pili, antivairasi, na saa yake.

Lakini kilichonichemsha damu ni kingine. Kalenda ile ilikuwa na siku za NYUMA, kabla mashine haijakanyaga dukani. Printa ya shangazi na programu zake za zamani zote ziko palepale. Mtu akikuwekea Windows mpya kwa kufuta ile ya kale, historia hiyo inaondoka nayo. Basi hiyo Windows mpya aliyoitoza pesa iko wapi? Haikuwekwa. Alilipisha hewa, na hewa yenyewe ni ya chumvi!

Nikafungua Windows Security, ile antivairasi inayokuja na Windows bila malipo, inaitwa Defender. Kuna orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Kwenye mashine safi orodha hiyo huwa tupu. Hapa kulikuwa na mstari mmoja: diski C, yote. Mnaelewa maana yake? Mlinzi amelipwa asiangalie mlango wowote. Sababu ni nyepesi: hicho kisafishaji kilikuwa cha kuvunjwa, yaani cha wizi kilichotolewa kufuli ya leseni, na Defender ingekikamata, kwa hiyo akaifumba macho. Na ile antivairasi ya majaribio ilipoingia, ulinzi wa Defender wa papo kwa papo ukajizima, maana ndivyo ilivyotengenezwa, mbili zisigombane. Muda wa majaribio ukiisha, shangazi angekuwa na antivairasi inayopiga kelele za kudai pesa, na diski ambayo hata Defender ikirudi kazini haitaigusa.

Halafu RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi. Hapa ndipo nilipovaa viatu nikatoka.

Kwenye Task Manager kuna ukurasa wa utendaji, ukibofya Memory unaona kiasi cha RAM, kasi yake, na nafasi ngapi zimetumika. Ikaniambia GB 4, nafasi moja kati ya mbili. Mashine ile ilinunuliwa na GB 8! Na bahati nzuri, mwaka jana nilipomwekea printa nilihifadhi ripoti ya msinfo32. Unaandika neno hilo kwenye sehemu ya kutafutia, inakuja orodha ya kila kilichomo ndani ya mashine, unaihifadhi kama faili. Ilikuwa kwenye barua pepe yangu, GB 8 imeandikwa wazi pamoja na modeli ya mashine.

Nikaenda dukani. Mwanzo nikaambiwa, "Kaka, ilikuja hivyohivyo." Nikamwonyesha faili. "Labda moja iliungua." Nikamwambia sawa, nipe hiyo iliyoungua. Kimya. Mteja mwengine aliyekuwa amekaa kwenye benchi akaanza kuikumbatia laptopu yake. Baada ya kunong'onezana kule nyuma ya pazia, RAM ikaonekana kwenye droo. "Kijana wa kazi alichanganya." Kijana wa kazi! Kila duka lina kijana wa kazi asiyeonekana, na kila kilichopotea amekichanganya yeye. RAM nimerudishiwa, pesa sijarudishiwa mpaka naandika hapa.

Kwa hiyo wakuu, kabla hujaipeleka mashine kwa fundi yeyote, awe mjini hapa, Mokowe au Malindi, piga picha ukurasa wa Memory na ukurasa wa diski kwenye Task Manager. Hifadhi msinfo32. Kama ni laptopu, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike powercfg /batteryreport, itakutolea ukurasa unaoonyesha betri yako ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa inashika kiasi gani, maana betri nazo huwa "zinachanganywa".

Sasa niseme juu ya hizo "huduma" tunazouziwa, maana nimechoka.

Kusafisha diski. Disk Cleanup imo kwenye Windows tangu Windows 98! Siku hizi unaenda Settings, System, Storage, unaonyeshwa nini kimejaza diski, unafuta faili za muda. Shangazi alikuwa na mabaki ya masasisho na takataka za kivinjari zilizojaza diski karibu ya kutapika. Angalia jambo moja tu: kwenye orodha hiyo folda ya Downloads nayo imo. Usiitie alama kama ndimo unamoweka risiti zako. Ukiwasha Storage Sense, kazi hiyo itajifanya yenyewe.

Kupanga diski, ile wanayokuonyesha vijisanduku vinavyohama ili uone kazi inafanyika. Windows inajipangia yenyewe kila wiki bila kukuambia. Na kama una SSD, ile diski ya kisasa, usikubali kabisa mtu aje na programu yake ya kuipanga. SSD haina sahani inayozunguka, kuipanga hakuiongezei kasi bali kunaichosha bure. Windows inaijua SSD, inaipa matunzo yake tofauti.

Kusafisha rejista, lile daftari la ndani ambamo Windows inaweka mipangilio yake. Huu ndio uongo mkubwa kuliko wote. "Makosa 1,300 yamepatikana!" kwa herufi nyekundu. Makosa gani? Ni mistari midogo iliyobaki ya programu zilizoondolewa, haili kasi yoyote ya maana. Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, kwa sababu zikifuta mstari usiofaa kufutwa, Windows inaweza kukataa kuwaka. Ukiona fundi anaringia programu hiyo, chukua mashine yako uondoke.

Halafu kuna huu mchezo wa "nimeiwasha sasa iko sawa". Tangu hiyo hiyo Windows 8, mashine nyingi ukibofya Shut down hazizimiki zote. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukitazama Task Manager, ukurasa wa CPU, utaona muda wa kuwa macho (Up time) unaendelea kuhesabu siku baada ya siku ilhali wewe unaizima kila usiku. Inayoanza upya kweli ni Restart. Fundi anajua hilo, anabofya Restart, anakurudishia, anakutoza.

Ya shangazi niliitoa takataka zote, nikaifuta ile ruhusa ya diski C, nikaiendesha Defender kwa ukaguzi wa nje ya mfumo, ule unaoizima na kuiwasha mashine ikague kabla Windows haijaamka. Halafu sfc /scannow kwenye Command Prompt kama msimamizi, irekebishe faili za Windows zilizoharibika. Yote haya bila hata senti. Sasa inafungua barua pepe kama watu.

Na sitaki kudanganya mtu hapa. Diski yake ni ile ya zamani inayozunguka, na hakuna kitufe cha kuigeuza SSD. Kwenye mashine kama hizo Task Manager inaweza kuonyesha diski inafanya kazi kwa asilimia 100 hata ukiwa umefungua kivinjari peke yake. Hapo fundi mkweli anakwambia: mama, nunua SSD, nitakuhamishia vitu vyako. Hiyo ni kazi ya mikono, inastahili kulipwa, nami nitalipa kwa moyo mkunjufu. Ila fundi wetu hakuligusa hilo hata kwa mdomo. Alikuwa shughulini na chumvi.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeuliza kuhusu bando kuisha: nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uonyeshe kwamba mtandao wako unahesabiwa, ndiyo ile Metered connection. Kisha tafuta Delivery Optimization uizime, maana ikiruhusiwa mashine yako inaweza kuwapelekea watu wengine masasisho kwa bando lako wewe.

Aliyeambiwa kompyuta yake ya Windows 10 "imekufa", anunue nyingine: haijafa. Masasisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine inawaka kama kawaida ila mashimo mapya ya usalama hayazibwi. Microsoft walifungua mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, utafute kwenye Windows Update. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64, na prosesa nyingi za zamani hazimo kwenye orodha yake. Kagua kwanza, usikimbilie kununua.

Na wewe ndugu fundi uliyeandika kwamba nawaharibia riziki: hapana. Andika bei zako ukutani. Kubadilisha SSD kiasi hiki, kusafisha feni kiasi hiki, kubofya Restart kiasi hiki. Mteja achague. Ukiweka programu, mwambie jina lake. Ukiondoka, toa hiyo ya kuongoza ukiwa mbali. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 katika nchi hii, na nakala za pasipoti za wageni si mali ya duka lako.

Wengine ambao RAM zenu zimewahi "kuchanganywa", andikeni hapa chini ilikuwa ngapi na ikarudi ngapi. Majina ya maduka msitaje, tusifungiwe uzi.