Taifa Stars wametoka tena AFCON 2023, Kombe la Mataifa ya Afrika: tatizo hasa liko wapi?

Mzawa wa Temeke: Ivory Coast, Januari 2024, mechi tatu, pointi mbili, bao moja la Msuva, tumeburuza mkia. Tangu Lagos 1980, tulipotoka sare na Misri, hatujashinda mechi hata moja ya fainali hizi. Kila tukirudi "tumejifunza". Shule gani hii isiyo na kuhitimu?

Kobe Mkavu: Tatizo Kariakoo. Simba na Yanga wachezaji wa kigeni 12 kila mmoja, kijana wetu anapasha benchi moto. Siku ya Zambia, Chama wa Simba na Musonda wa Yanga wako upande wa pili! Mshahara tunawalipa sisi.

Mama Wawili: Wageni wamekosa nini? Zambia walibaki kumi tangu kabla ya mapumziko. Nilikuwa kibandaumiza, mwanangu kapanda juu ya benchi anaiga filimbi ya refa, "maliza, maliza". Dakika ya 88, Daka wa Zambia, kichwa, 1-1. Mtoto akabaki na vidole mdomoni. Mgeni gani alimshika beki wetu miguu asiruke?

Jirani wa Kisumu: Poleni majirani. Na ile 3-2 ya Cairo 2019 mmeshapona? Mliongoza mara mbili, Olunga akawasalimia mara mbili.

Mzawa wa Temeke: Kenya nayo inaongea! FIFA waliwafungia 2022, AFCON hii mnaitazama kwenye runinga tu. Jifunzeni Kiswahili kwanza, mpira baadaye.

Jirani wa Kisumu: Kiswahili hakifungi bao, ndugu. Kingekuwa kinafunga, kabati lenu lingejaa makombe.

Kobe Mkavu: 😂😂 Hiyo imezama wavuni.

Sharifu wa Mombasa: Temeke, chunga ulimi. Huku kwetu Kiswahili twakisema tangu enzi za mababu, hatukufundishwa na Dar.

Mzawa wa Temeke: Sikukutaja wewe, Sharifu. Ila "twakisema" na "tunakisema", kipi sanifu?

Sharifu wa Mombasa: Sanifu ya nani?

Kipa Mstaafu: Vijana, 1980 sare ilikuwa na Ivory Coast, 1-1. Misri walitufunga 2-1. Halafu mnabishana lugha, wakati kiwanja nilichojifunzia kudaka sasa kina fremu za maduka, pale golini kwangu wanauza vifuniko vya simu. Watoto wa mtaa ule wanacheza barabarani, gari likija wanabeba mawe ya goli. Beki wa kuruka na Daka atatokea wapi?

Kobe Mkavu: Shikamoo mzee. Ulidakia Simba au Yanga?