Kumpenda mtoto bila kumng'ang'ania, inawezekanaje?

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Naishi Pune, India, huu mwaka wa 3 nasoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, na ule mstari wa 2:47 umenikaa kichwani, kwamba haki yako ni kutenda tu, matunda usiyashikilie. Kazini naweza, hata bosi akimsifia mwingine, ahamkara yangu, ile mimi mimi ya ndani, inatulia. Shida mwanangu, juzi kashikwa na homa nikakesha na kitambaa cha maji mkononi, japa, yaani kurudia mantra huku nikihesabu shanga, nimeanza mara tatu, shanga hazikufika hata nusu ya zile 108. Mwalimu wangu anasema hiyo ni moha, yaani kushikamana na kitu hadi unapofuka, imenichoma kweli. Sasa mnatofautishaje upendo na kung'ang'ania? Na mliolea watoto huku mnafanya sadhana, yaani mazoezi ya kiroho ya kila siku, mlianzia wapi?