Pesa za kilimo za kaunti: mbolea ya bure, au maafisa wa ugani na chokaa?

Mtoa hoja

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliipa serikali ya kaunti kazi ya kilimo cha mazao na mifugo, sera ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Ruzuku ya mbolea nayo ilibaki Nairobi. Tangu Agosti 2023 gunia la kilo 50 limekuwa likiuzwa kwa shilingi 2,500 katika maghala ya NCPB, bodi ya kitaifa ya nafaka na mazao. Hata hivyo kaunti kadhaa bado zinatenga fedha zao wenyewe kununua mbolea na mbegu za kugawa bure. Nasema fedha hizo ziondolewe huko, ziende kwa maafisa wa ugani wanaowashauri wakulima shambani, kupima udongo, chokaa ya kupunguza asidi ya udongo, na kusogeza mbolea ya ruzuku karibu na mkulima.

Tufanye hesabu ya mfano. Kaunti ina kaya 120,000 za wakulima na imetenga shilingi milioni 150 za pembejeo. Gunia likinunuliwa sokoni kwa shilingi 6,000, zinapatikana gunia 25,000. Hata kila kaya ikipewa gunia moja tu, kaya 95,000 zinarudi mikono mitupu, na waliopata wamepata mbolea ya kupandia bila ya kukuzia. Mwaka unaofuata tunaanza tena sifuri.

Sasa chukua maafisa 100 wanaoigharimu kaunti shilingi 60,000 kwa mwezi kila mmoja. Hiyo ni milioni 72 kwa mwaka. Ongeza petroli ya pikipiki, lita 10 kwa wiki, na kwa shilingi 190 lita moja hujafikia milioni 10. Kwa kipimo kinachotajwa sana cha afisa 1 kwa wakulima 400, hao ni wakulima 40,000 wanaofikiwa, na bado kuna takriban milioni 68 za kufanyia mengine.

Mkulima wa mahindi, Trans Nzoia

Hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi, ndugu. Ekari moja ya mahindi inataka kilo 10 za mbegu, gunia moja la kupandia na jingine la kukuzia. Kwa bei ya ruzuku, mbolea pekee ni shilingi 5,000, na hapo hujalima, hujalipa vibarua wa palizi wala usafiri. Mjane mwenye nusu ekari hana hizo pesa mwezi wa Machi, mwezi uleule wa kununua chakula kwa sababu ghala limekwisha. Afisa wa ugani atamwambia nini? Apande kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25? Anajua. Kinachomshinda ni pesa.

Mkitaka kuondoa mbolea ya bure, semeni kwanza huyo mtamfanyia nini. La sivyo mnamtoa kwenye bajeti kwa lugha nzuri.

Afisa wa ugani

Mzee wa Trans Nzoia ana haki kuhusu mjane. Lakini tuangalie ndani ya gunia analopewa. Mara nyingi ni DAP, mbolea ya kupandia ya 18-46-0, yaani asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi. Katika kilo 50 mna kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha asidi, kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) chini ya 5.5, na mashamba mengi ya magharibi na sehemu za Bonde la Ufa yako hapo au chini yake, aluminiamu na chuma vilivyomo udongoni hushika ile fosfeti kabla mzizi haujaifikia. Mmea unabaki mfupi, majani yanapiga zambarau pembeni, na mkulima anadhani mbolea ni bandia. Wakati mwingine ni bandia kweli, lakini mara nyingine mbolea ni halali na udongo ndio umeikatalia. Tena amonia ya DAP inapogeuka kuwa naitreti huacha asidi, kwa hiyo kila msimu tunazidisha ugonjwa ule ule tunaodhani tunautibu.

Kupima si kazi ya ajabu. Unatembea shambani kwa zigizaga, unachukua udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, unakwepa penye kichuguu, penye boma la zamani na penye rundo la samadi. Unachanganya kwenye ndoo ya plastiki, kwa maana ndoo ya mabati huharibu kipimo cha zinki, kisha unapeleka nusu kilo maabara. Kazi hii huharibika pale sampuli zinapookotwa sehemu mbili tatu kando ya barabara ili idadi ya "mashamba yaliyopimwa" itimie kwenye ripoti.

Majibu yakitaka chokaa, mara nyingi ni tani 2 hadi 4 kwa hekta, yaani kilo 800 hadi 1,600 kwa ekari. Iingie udongoni wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe kwa jembe hadi sentimita 15 au 20. Ikimwagwa juu na kuachwa, mvua ya kwanza inaibeba hadi mtoni. Na ni unga mwepesi: ukiinyunyiza asubuhi ya upepo, nyingine inatua kwenye shamba la jirani. Ikiwekwa sawasawa inafanya kazi misimu kadhaa. Gunia la DAP likishaingia kwenye shimo, msimu huo huo limekwisha.

Mkulima wa mahindi, Trans Nzoia

Na hiyo chokaa itafikaje? Tani moja ni gunia 20. Ukitaka kuhudumia kaya 10,000 zenye ekari moja moja, tani moja kila moja, ni tani 10,000. Kwa lori la tani 28 ni safari zaidi ya 350, na lori hilo haliingii kwenye njia za vijijini mvua ikianza. Mtaimwaga kwenye kituo cha wadi, ikae nje, ilowe, igande kama saruji.

Afisa wa ugani

Hilo ni kweli, ndiyo maana chokaa isafirishwe kiangazi, Desemba na Januari, barabara zikiwa kavu, na kaunti ilipie usafiri badala ya kulipia bidhaa yenyewe. Aliye na ekari tatu hatashindwa kununua chokaa. Kinachomshinda ni nauli ya mzigo. Asiye na kitu aanze na robo ekari, iwekwe kwenye mitaro ya kupandia badala ya shamba zima. Haitoshi kwa miaka mingi, ila inaokoa fosfeti ya msimu huo.

Mhasibu wa serikali za mitaa

Mnajadili agronomia, lakini uamuzi wenyewe unafanyika kwenye fomu ya bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo katika kipindi cha kati. Kanuni za 2015 nazo zinaweka ukomo wa mishahara na marupurupu kwenye asilimia 35 ya mapato. Afisa wa ugani ni mshahara, kwa hiyo anaingia matumizi ya kawaida. Mbolea mara nyingi huandikwa chini ya maendeleo. Kaunti iliyokwisha kuvuka ile 35 haiwezi kuajiri maafisa 100 hata wote hapa mkikubaliana, na kila gunia linasaidia kufikisha ile 30. Ndipo mbolea inaposhinda kabla hata ya mjadala kuanza.

Soma sasa tafsiri iliyomo kwenye sheria yenyewe: matumizi ya maendeleo ni yale ya kuunda mali au kuifanya upya. Gunia lililooza shambani kwa msimu mmoja limeunda mali gani? Maabara ya udongo, ghala la wadi, mashine ya kukaushia mahindi yafike unyevu wa asilimia 13.5, hizo ni mali. Wawakilishi wadi wana haki ya kuuliza swali hili kwa maandishi, na hazina ya kaunti inapaswa kulijibu.

Afisa wa ununuzi

Naongeza la kalenda, kwa kuwa ndilo linaloiua mbolea ya kaunti. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, zabuni ya wazi inatangazwa si chini ya siku 7, tathmini inaweza kuchukua hadi siku 30, kisha mnangoja siku 14 kabla ya kutia saini. Jumla 51. Tangazo likitoka Januari 2 na tathmini itumie muda wake wote, mnatia saini kama Februari 22. Mzabuni mmoja akikata rufaa, Bodi ya Mapitio ya zabuni ina siku 21, mmeshafika katikati ya Machi, na bado mzigo haujatoka bandarini wala orodha za wadi hazijahakikiwa. Mahindi ya Bonde la Ufa hupandwa Machi na Aprili. Mbolea ya kupandia ikifika Mei inauzwa tena dukani au inakaa chini ya kitanda hadi mwaka ujao, ikifyonza unyevu. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa ukichelewa, mwenye zabuni anakataa kuleta bila malipo, au analeta na deni linahamia kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Mwaka huo mnaona kilimo kimepewa fedha nyingi, kumbe sehemu yake ni mbolea iliyokwisha kuvunwa.

Mjumbe wa ushirika wa maziwa

Nawasihi msidhani mali pekee ndiyo jibu. Mitambo ya kupozea maziwa nayo huhesabiwa maendeleo, na mara ngapi tumeona tangi la lita 5,000 limefungwa plastiki miaka? Tangi hilo linataka umeme wa fezi tatu, sakafu ya zege, maji safi na jenereta ya akiba. Linataka mtu wa kupima maziwa kwa laktomita, kama yametiwa maji, na kwa alkoholi, kama yameanza kuchacha, kabla ya kumimina, sababu debe moja la maziwa yaliyochacha linaharibu tangi zima. Bajeti ikinunua tangi na kusahau transfoma na mshahara wa mpimaji, imenunua chuma. Mhasibu, usiwape wawakilishi wadi mlango mwingine wa kukwepa watu.

Mtoa hoja

Kwa Mzee wa Trans Nzoia nakubali hili: mjane asiachwe. Mpangeni kwenye vocha, si kwenye lori. Kaunti ilipe sehemu ya zile shilingi 2,500 kwa kaya zilizosajiliwa ambazo mkutano wa kijiji umezithibitisha hadharani, majina yakasomwa na watu wakapinga mbele ya wote. Hakuna zabuni ya mbolea, hakuna Mei. Kaya 15,000 zikilipiwa shilingi 1,500 kwa kila gunia, gunia mbili mbili, ni milioni 45. Hizo zinatoka kwenye zile milioni 68 nilizobakiza.

Mkulima wa mahindi, Trans Nzoia

Hiyo nitaiunga mkono ghala likiwa ndani ya wadi. Vocha ya gunia lililoko kilomita 40 si msaada.

Mhasibu wa serikali za mitaa

Basi iandikeni mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na hapo ndipo ghala la wadi linapaswa kutajwa kwa jina na mahali. Taarifa ya mkakati wa kifedha inatoka kufikia Februari 28 na ndiyo inayoweka ukomo wa kila idara. Makadirio yanafika Aprili 30. Wengi huja kutoa maoni Mei, ukomo ukiwa umeshafungwa, wakabaki kuhamisha shilingi kutoka wadi moja hadi nyingine. Memoranda ya chokaa na vocha iwe kwa maandishi, itaje programu na kiasi, na iombe mambo mawili: idadi ya maafisa wa ugani waliopo kwa kila wadi, na orodha ya madeni ya pembejeo yaliyorithiwa. Bila orodha hiyo ya pili hamtajua kiasi gani cha fungu la kilimo ni kipya.